Futi ya Fundi Majidi

Mtaa mzima wa Kanyenye unamjua fundi Majidi kwa mambo mawili: suruali zake hazina kasoro, na futi haimtoki shingoni. Kumbe ile futi ni pambo tu! Fundi anapima kwa kamba, fundo la kiuno, fundo la mguu, kama alivyofunzwa na marehemu baba yake. Kuhesabu kwa vidole anajua. Vile vimistari vya futi hajui hata kimoja. Miaka ishirini amelificha hilo.

Bintiye Najiat alipopata tisa kati ya hamsini kwenye hesabu, mwalimu alionya kwamba atarudia darasa la nne. Jirani yao Mektilda akasema, "Baba Najiat, kule seminari ya Kipalapala kuna frateri Hilari, anasomea upadri, anafundisha watoto hesabu kila Jumamosi. Bure kabisa, wa dini zote."

"Mtoto wa fundi akaombe hesabu?" Majidi aling'aka. "Nitamfundisha mwenyewe!"

Jamani, ubishi mwingine! Akamfundisha kujumlisha sehemu: juu kwa juu, chini kwa chini. Mtoto akaandika hivyohivyo kwenye jaribio, akapata sifuri. Mwalimu alipouliza nani kamfundisha vile, Najiat alijibu, "Nimebuni mwenyewe." Darasa zima likamcheka. Majidi aliyasikia kwa Mektilda, ambaye mwanawe anasoma darasa hilohilo, na aibu ikauvunja ubishi wake.

Jumamosi akampeleka Kipalapala. Frateri, kijana mdogo tu, aliwakalisha wazazi benchi moja na watoto wao. "Shikamoo, mzee. Leo tunapima meza, na bahati nzuri tuna fundi. Tusomee futi yako."

Majidi akaitandaza mezani. Watu wakangoja.

Najiat akasimama upesi. "Frateri, baba amesahau miwani. Nisome mimi?"

Miwani gani? Majidi hajawahi kuvaa miwani maisha yake yote! Hapo akaelewa kwamba mtoto anajua, tena amejua siku nyingi, na amekuwa akimsitiri. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Macho yangu mazima," alisema. "Mtoto ananifichia aibu. Kusoma futi sijui. Na hesabu iliyompa sifuri nilimfundisha mimi."

Hakuna aliyecheka. Najiat akaibana ncha ya futi kwenye ukingo wa meza. "Tunaanzia hapa, baba," akasema.

Majidi akashika ncha ya pili.