Nyumba ya Shosho Katikati ya Seoul

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilikuwa nikimtunza mama mmoja Mkorea, wa miaka themanini na kitu, hapa Gaithersburg, jimbo la Maryland, Marekani. Nilimzoesha kuitwa shosho, kama tunavyowaita bibi zetu kwetu Kenya, naye akalipenda jina hilo kuliko lile lililoandikwa kwenye chupa zake za dawa. Mwanawe, mtu wa maabara asiyepata likizo, akaniomba nimpeleke Seoul akaone mtaa aliozaliwa. Nilipomwambia mume wangu, aliacha kula.

"Korea ipi?"

"Ya kusini."

Akaendelea kula.

Mtaa wenyewe ni kijiji cha zamani kilichohifadhiwa katikati ya jiji: mapaa ya vigae vyeusi, kuta za mawe, vichochoro vya kupanda mlima, na nyuma yake maghorofa ya vioo. Watu bado wanaishi humo, kwa hiyo kila kona ina bango la kuwaomba wageni wasipige kelele. Shosho hakuwa anasikia vizuri, na kile kifaa cha sikio alikuwa amekiacha hotelini makusudi. Alinisimulia utoto wake kwa sauti ya mhubiri wa sokoni. Nilimfuata nikisukuma kiti cha magurudumu kitupu, maana alikataa kukikalia, huku nikiwainamia watalii kuwaomba radhi.

Akasimama mbele ya lango la mbao. "Ni hapa."

"Shosho, tubishe hodi kwanza."

"Mtu habishi hodi kwao."

Akalisukuma, akaingia. Nikamkimbilia, na kwa kuwa mlango wa chumba ulikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, nikajigonga paji la uso nikaona nyota.

Ndani, mzee mmoja aliyevaa pajama alikuwa anakula tambi. Shosho alivua viatu, akaketi, akamweleza jambo refu kwa Kikorea. Mzee akaweka vijiti vyake chini, akajibu taratibu akionyesha dirishani. Shosho akainuka kidogo, akachungulia nje. Kisha akanigeukia.

"Kwetu kulikuwa kichochoro cha nyuma. Nyumba ilibomolewa. Sasa wanaegesha magari."

"Pole sana, shosho."

"Anasema anamkumbuka baba yangu. Eti alikuwa na kelele sana."

Nilijitahidi nisicheke. Mzee alituletea tambi, na mimi akanipa kitambaa cha maji baridi nijikande. Sakafu ya nyumba zile hupashwa moto kutoka chini. Baada ya safari ile ndefu, nilijinyoosha kidogo tu, nipumzishe mgongo.

Niliamka nimefunikwa blanketi. Mgonjwa wangu alikuwa anacheza karata na mwenye nyumba, tena anamshinda.

Tulipoaga jioni nilimuuliza kama tupitie kule nyuma akaone mahali penyewe.

"Hapana," akasema. "Magari nimeyaona ya kutosha Maryland."