Jino la Mnyama Aliyemaliza Maji

Nilipokuwa mtoto, kina cha kisima kwetu kilipimwa kwa watu. Tulichimba kwenye mchanga wa mto mkavu, na maji yaliposhuka tulisimama humo ndani mmoja juu ya mwingine, tukipokezana karai hadi kwa mbuzi. Chetu, nje ya Lodwar, kilikuwa cha watu watatu. Baba alikuwa ameshatuambia kikifika cha wanne tutahamia upande wa Kakuma, na mimi nitaacha shule. Nilikuwa darasa la tatu na niliipenda shule kupita kiasi.

Nyanya, mama yake baba, alikuwa na makatazo mengi. Kubwa lilihusu korongo lenye mifupa iliyogeuka mawe. Alisema ni ya mnyama aliyekunywa maji ya nchi nzima akafa ameshiba, na kwamba atakayechukua mfupa wake atamleta kisimani kwao. Mimi nami sikuwa mtoto wa kuambiwa mara moja. Upepo ulipofunua jino kubwa kama mkate, lenye matuta juu yake, nilitaka mwalimu alione. Nikalibeba, nikalificha chini ya ngozi niliyolalia.

Siku ya nne kisima kikawa cha watu wanne, na baba akasema tufunge mizigo. Nilimfuata Nyanya alikokuwa akikamua.

"Nyanya, yule mnyama nimemleta mimi."

Hakupandisha sauti. "Ulimtoa wapi?"

"Korongoni."

"Nipeleke."

Nilimpeleka moja kwa moja, nikalirudisha jino kwenye shimo lake, upande uleule uliokuwa juu. Alilitazama shimo, akanitazama mimi.

"Makorongo haya yote yanafanana. Umejuaje ni hapa?"

"Nilikumbuka tu."

Jioni hiyo alimwambia baba, "Huyo mnyama ameshamjua huyu mtoto. Tukienda naye, atatufuata mpaka kisima kipya. Abaki Lodwar kwa shangazi yake."

Baba angeweza kubishana na mtu yeyote kuhusu mbuzi, lakini hilo lilimshinda. Aliuliza tu nitakuwa nafanya nini huko.

"Aende shule. Asikae bure."

Waliondoka alfajiri, na maji hayakuwa yamepanda hata kidogo. Nililia hadi macho yakavimba. Nilijiona nimefukuzwa na watu wangu kwa sababu ya mkono wangu mwepesi.

Siku hizi kutafuta mifupa ya kale ndiyo kazi yangu, na naiweza. Lile jino nililifikia tena nikiwa na wenzangu, na safari hii tulichora ramani kabla ya mtu kuligusa. Ni la tembo wa zamani, wa ukoo wa mamothi. Wengi wanawajua mamothi kwa manyoya na barafu, lakini wa kwanza wao walitembea huku Afrika, kwenye jua hili letu. Hakuna aliyemaliza maji ya mtu. Na kama si makatazo ya Nyanya, watoto wangekuwa wameibeba mifupa yote, na sisi tusingejua ililala wapi.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni likizo yangu ya kwanza, nilipopelekwa Kakuma kuwasalimia. Baba alikuwa amekwenda sokoni. Nilisimama mbali na kisima kipya, nikiogopa hata kukisogelea. Nyanya akanipa karai.

"Shuka, uteke."

"Na yule mnyama, Nyanya?"

Aligeuka kuangalia njia ya sokoni, akaona hakuna mtu.

"Shuka, mbuzi wana kiu."

Nilishuka hadi chini kabisa, nikateka mpaka mbuzi wote wakanywa. Nilikuwa mtu mzima nilipomwambia asante kwa ule uongo wake ulionibakiza shuleni. Alicheka, akaniuliza kama bado nakumbuka njia ya korongoni.