Kitambaa cha Petroli

Mzee aliyenifundisha kuchora alijua kichwa kimoja tu: kijana wa mashavu yanayong'aa, nywele zimechanwa upande, meno yote meupe. Alikichora kwenye saluni zote za mji wa Baraka, akakipandisha mpaka Fizi, na hata wachimba dhahabu wa Lulimba walinyolewa chini ya kichwa hicho. Hakuna aliyejua ni cha nani. Mimi nilikichora miaka minne, na nilikichukia kuliko kitu chochote, isipokuwa mzee mwenyewe.

Nilikwenda kwake nikiwa mtu mzima, nimechoka kuanika samaki wadogo wa ndagala kule Swima. Wachoraji wengine walinicheka, wakasema mwanamke hapandi ngazi. Yeye alinipokea, kisha akanikumbusha hilo kila siku ya Mungu. Nilitaka jambo moja: mtu apite barabarani, aone kibao, aseme huu ni mkono wa yule mama. Sikutaka zaidi ya hapo.

Kazi yake ilikuwa ya miraba. Unachora miraba midogo kwa penseli juu ya foto, unachora mikubwa kwenye ubao, unahamisha uso mraba kwa mraba kama anayehamisha matofali. Begani alikuwa na kitambaa kilicholowa petroli. Chochote nilichoongeza, kovu, sikio kubwa, jicho lenye usingizi, alikifuta kikiwa kibichi, maana rangi ikikauka petroli haiitoi. Hakugomba. Alifuta, akaenda kunywa chai yake.

Siku moja nilichora kibao cha mama mmoja mwenye mgahawa karibu na soko. Nilimchora yeye mwenyewe, na macho yake mekundu ya moshi. Mama yule alikiangalia akajigusa kope, nami nikaona amependa. Mzee alikuja, akanipa kitambaa mkononi, akaniambia nifute mwenyewe, mbele ya watu waliokuwa wanakula.

"Bantu banakuya kula," aliniambia, yaani watu huja hapo kula tu. "Habakuye kuona mateso yako."

Walicheka, na mimi nikacheka nao huku nikifuta. Kicheko changu ndicho kilichoniuma zaidi. Jioni ile ile kichwa cha saluni kilikuwa kwenye kibao, kimevishwa kitambaa cha kike.

Kisha ugonjwa ukampiga upande wa kulia. Mkono wa kazi ukafa, mdomo ukavutwa chini, mate yakawa yanamtoka bila yeye kujua. Nilikwenda kumwona, na nisisingizie huruma: nilitaka kuuona ule mkono. Aliniomba nimchoree picha ya matanga yake, kwa sababu hakuwaamini watoto wake kwamba wangeitafuta. Mkewe akaleta foto ya zamani. Mashavu yanayong'aa, nywele zimechanwa upande, meno yote meupe. Miaka yote alikuwa amejitundika mji mzima, na sisi tulikuwa tunanyolewa chini yake.

"Fuata miraba," aliniambia.

Sikuchora hata mraba mmoja. Nilimchora kama nilivyomwona kitandani: mdomo ulioporomoka, mate, jicho la kulia lisilofumba sawasawa. Siku tatu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, bila kuuliza, na sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala kabla wala baadaye. Halafu nikaegemeza ubao ukutani, nikauacha. Sikuwahi kumpelekea kazi iliyokauka. Safari hii nilingoja siku nane, mpaka ukucha wangu ukashindwa kuacha alama kwenye rangi. Nikaubeba, na kitambaa chenye petroli begani.

Aliangalia mdomo, jicho, kisha mdomo tena.

"Huyu si mi," alisema kwa shida, kisha akaomba kitambaa.

Nilikiweka katika mkono wake wa kushoto. Nikausogeza ubao karibu, ili asikose kuufikia. Alifuta mdomo. Akafuta tena, akikandamiza, jasho likimtoka, na mkewe aliyekuwa na bakuli la uji mlangoni akaniambia niondoe kitu hicho. Sikuondoa. Mwisho mzee alikigeuza kitambaa akakitazama. Kilikuwa safi. Alikuwa mchoraji, hakuhitaji kuelezwa.

"Uliacha ikauke," alisema.

"Ndiyo, Muzee."

Akanirudishia kitambaa, akageukia ukutani. Nilikuwa nimengoja hayo miaka minne, nikaona aibu kabla hata sijafika barabarani.

Alikufa mvua zilipoanza. Kwenye matanga walitundika picha yangu, kwa kuwa hapakuwa na nyingine ya uso wake wa uzeeni. Watu walisimama mbele yake wakasema ni yeye kabisa, na waliupenda mdomo kuliko vyote. Pale alipofuta, rangi ilikuwa imelainika na kung'aa, ukaonekana umelowa, umekaribia kusema neno. Waliniuliza nimefanyaje. Nikajibu kwamba huo ndio mkono wangu.

Sasa wanakuja na foto zao kutoka Swima, kutoka Makobola, wanaomba mdomo ule. Wakipita barabarani wanasema huu ni mkono wa yule mama. Kila uso nikiumaliza ninauacha siku nane, halafu ninachukua kitambaa, ninafuta mdomo kwa mkono wa kushoto mpaka uchoke. Nimejaribu kwa mkono wa kulia. Mdomo hautoki sawa.