Swichi Iliyo Ukutani kwa Musa

Musa hakuwahi kumpenda Sauda, na tangu kaka yake azikwe hakuona tena sababu ya kuficha. Kaka huyo, Salim, mumewe Sauda, alifariki akaacha nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya duka la Musa, hapa Kitui mjini. Musa aliitaka nyumba ile. Eda ilipokwisha tu alianza kumuuliza Sauda atarudi lini kwao Mwingi, na aliuliza hivyo kila walipokutana uani, bila hata salamu. Sauda alikuwa akimpita kama anayepita gunia.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, msimamizi wa jiko katika shule moja ya kutwa. Kwa miaka miwili alikuwa amesomea diploma ya lishe kwa mtandao, kwenye kompyuta ya mezani aliyoachiwa na Salim. Ulibaki mtihani mmoja, wa Jumatatu. Chuo kilikuwa kimewaonya wanafunzi kwamba programu ya mtihani haifunguki kwenye mfumo wa zamani, kwa hiyo kila mmoja asasishe kompyuta yake mapema.

Jumanne asubuhi, siku sita kabla ya mtihani, Sauda akaanzisha sasisho. Kioo kikaandika kwamba kazi itachukua saa kadhaa, na kompyuta isizimwe. Akaiacha ikifanya kazi, akafunga mlango, akaenda shuleni. Jioni aliikuta imezima. Alipoiwasha ilizunguka weee, kisha ikasema sasisho limeshindikana na inarudisha kila kitu kilivyokuwa.

Jumatano mambo yakawa yale yale. Akachukua simu, akasoma ushauri wa watu waliopatwa na shida kama yake, na wengi walisema chanzo ni diski kukosa nafasi. Akatafuta kinachokula nafasi. Zilikuwa ni video za Salim, za miaka kumi na mmoja: Salim akimfundisha binti yao Nasreen baiskeli, Salim akichinja siku ya Idd, Salim akiucheka mkate wa sinia ulioungua. Hazikuwa na nakala popote. Alitazama mbili, ya tatu ikamshinda. Akazichagua zote, akazifuta, akamwaga na pipa la takataka la kompyuta ili asije akabadili nia.

Alhamisi sasisho likashindikana. Ijumaa pia. Jioni hiyo Sauda aliipiga kompyuta kofi, kisha akaona aibu, ingawa hakuna aliyemwona.

Jumamosi asubuhi akamwita Mwongeli, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi, mwanamke asiyejua kubembeleza mtu. Mwongeli alipoambiwa habari za video aliguna. Akapima diski, akamwambia Sauda waziwazi kwamba nafasi ilikuwa inatosha hata kabla hajafuta chochote. Kisha akafungua kumbukumbu za kompyuta, mahali inapoandika yenyewe kila linaloipata. Mistari minne ilisema jambo moja: umeme ulikatika ghafla. Jumanne, saa mbili na dakika kumi na mbili. Jumatano, saa mbili na dakika tisa. Alhamisi na Ijumaa, vivyo hivyo, dakika moja huku, mbili kule.

"Wewe hutoka hapa saa ngapi?" Mwongeli akauliza.

"Saa mbili kamili."

"Basi hii si kompyuta imeharibika. Kuna mtu anangoja utoke, anakuzimia stima, halafu anairudisha kabla hujafika."

Sauda hakuhitaji kuambiwa ni nani. Nyaya za nyumba yake zilipitia dukani kwa Musa, na swichi kubwa ilikuwa kwenye ukuta wa ndani, juu ya benchi ya wateja. Akaingia dukani na viatu vya nyumbani. Musa alikuwa akipanga vibiriti.

"Ni wewe unanizimia stima?"

Musa hakukana, wala hakuacha vibiriti. Alisema hawezi kuruhusu mashine ingurume kutwa katika nyumba ya kaka yake ikiwa haina mtu.

"Ungeniuliza, shemeji."

"Nikuulize kama nani? Hii swichi iko kwa ukuta wangu."

Sauda alitaka kumwambia kuhusu zile video, akaona atakuwa amempa kitu cha kufurahia. Akakaa kwenye benchi, chini ya swichi kabisa, akamwita Mwongeli kwa sauti aanze kazi.

Kule ndani Mwongeli alisimamisha huduma ya masasisho, akafuta mafaili yaliyopakuliwa nusunusu, akaikagua mifumo ya ndani na kuirekebisha iliyoumia, akachomoa printa, akaanza upya. Kule dukani Musa aliendelea kupanga vibiriti. Wateja waliingia, wakaona nyuso zile, wakanunua haraka. Mzee Mutisya alisahau chenji. Ilipoingia saa ya pili ya kungoja, Musa alizunguka kaunta, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Sauda.

Sauda akasimama. Walikuwa wamekaribiana kiasi cha kusikia pumzi.

"Gusa," akasema.

Musa alimtazama kwa chuki ambayo Sauda aliihisi usoni kama joto la jiko. Kisha akaushusha mkono, akarudi kwenye vibiriti vyake. Baada ya dakika arobaini hivi Mwongeli alitokea mlangoni, akasema sasisho limekubali.

Sauda alimuuliza kama video zinaweza kurudi. Mwongeli alijaribu kwa programu mbili, mchana wote. Hazikupatikana. Yale masasisho yaliyopakuliwa tena na tena yalikuwa yameandikwa pale pale zilipokuwa.

Jumatatu Sauda alifanya mtihani huku Mwongeli amekaa kwenye benchi ya Musa, miguu ameikunja kama aliye kwake. Akafaulu. Miezi mitatu baadaye alikuwa amepata mita yake mwenyewe, na fundi Mutie akaukata ule waya uliopitia dukani.

Wazee wawili wa msikiti walikuja kumwomba akae na shemeji yake wayamalize. Sauda aliwaandalia chai na maandazi, akawasikiliza mpaka mwisho. Aliwaambia hana la kumaliza na Musa, na kwamba haondoki kwenye nyumba hii. Walipotaka kuendelea, akawaongezea chai.