Baskeli ya Kike ya Papa Elia

Siku moja iko kichwani mwangu haijawahi kutoka, mwanangu, na jana imeamuka tena nilipokusikia ukimucheka yule kijana wa mafuta ya mawese pale barabarani. Ulisema, "Angalia ile baskeli, inafanana na mbuzi aliyetoka hospitali." Wenzako wote wakacheka. Miye sikucheka. Hapana, naongopa, nilicheka kidogo, kwa sababu kweli ilifanana na mbuzi. Lakini nilipofika nyumbani sikuweza kula vizuri. Na kwa sababu siku hizi esansi ya magari imekosekana, na Rumonge yote, hata wenye moto, pikipiki hizo, kama wewe, wamerudi kwenye pedali, kaa hapo nikuambie.

Nilikuwa mwari wa miezi tatu tu nyumbani kwa bwana wangu. Mamamukwe wangu, Bi Zaituni, alikuwa mama munene, mwenye sauti ya puani. Akionja chai yangu alisema, "Binti, chai hii imetiwa sukari, au imeonyeshwa tu?" Ndiyo salamu yake ya kila asubuhi. Nilimuogopa kuliko mamba wa ziwa.

Basi asubuhi moja ikafika habari kwamba mudogo wake, yule waliyenyonya ziwa moja, amefariki kule Kizuka, na mazishi ni alasiri. Wewe unajua sisi Waislamu hatulazi maiti. Wanawake wanamuosha ndugu yao, wanamuvika sanda, wa damu wanamuangalia uso mara ya mwisho, halafu wanaume wanabeba jeneza wanakwenda. Ukichelewa, unakuta mukeka tu. Bi Zaituni hakulia. Alisimama mulangoni na mutandio mukononi, akasema polepole, "Nipeleke nimuone." Sauti ya puani ilikuwa imepotea. Bwana wangu alikuwa mbali, anavua samaki kule Kabonga. Niliyebaki wa kumupeleka ni miye.

Nikamushika mukono mpaka parkingi ya baskeli.

Sasa usikie wakati ule mambo yalivyokuwa. Baskeli zilikuwa na vyeo kama maaskari. Juu kabisa walikuwa vijana wa vitesi, yaani baskeli za gia, nyembamba, za kutoka Bujumbura, tairi kama kidole, rangi inangaa. Wale walikaa peke yao kivulini, hata pompi ya upepo hawakumuazima mutu. Chini yao walikuwa wenye baskeli nyeusi, nzito, zenye chuma cha katikati. Chini yao, wabeba mafuta ya mawese, suruali zimeloa mafuta mpaka magoti. Na chini ya wote, chini kabisa, alikuwa Papa Elia, Mukongomani wa Kivu ya Kusini, kwa sababu alipanda baskeli ya kike. Ile isiyokuwa na chuma cha katikati, iliyoinama pale mbele ya kiti. Mwanaume muzima, ndevu zake, juu ya baskeli ya kike. Vijana walimuimbia wakati wote, "Mama Elia, sketi yako iko wapi?" Yeye alijibu, "Iko kwa fundi, inashonwa," na kuendelea kufunga mizigo.

Parkingi ilikuwa na sheria yake: mwenye kufika kwanza ndiye anakwenda kwanza. Siku ile wa kwanza alikuwa Papa Elia. Akatuona, akaona sura ya Bi Zaituni, akapangusa kiti cha nyuma na shati lake. Akasema Kiswahili chao kile cha kuvutavuta, "Mama, ikala. Mi nakufikisha."

Mwanangu, nilifanya nini? Nilimuangalia kuanzia kandambili mpaka kofia. Nikawaza ndugu za mukwe wangu kule Kizuka, wanaosema mutoto wetu ameoa musichana wa kuanika ndagala, visamaki vya ziwa. Wamuone mama yao anashuka kwenye baskeli ya kike yenye vumbi la mizigo? Nikasema, na watu wote wanasikia, "Wewe tutakupanda siku tukienda kwenye ngoma ya wanawake." Parkingi yote ikapasuka kwa kicheko. Nikawaita vijana wawili wa vitesi, mumoja wa Bi Zaituni, mumoja wangu. Papa Elia akageukia mizigo. Akachukua magunia mawili ya ndagala ya muchuuzi mumoja wa Kizuka, akaanza kufunga.

Yule kijana aliyemubeba Bi Zaituni alijivuna njia nzima. "Mama, hii iko na vitesi kumi. Ukifumba macho na kufumbua, tumefika." Bi Zaituni alifumba, akafumbua, tulikuwa bado hatujatoka mujini. Mbele kidogo lami iliisha, tukaingia kwenye njia ya udongo katikati ya michikichi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ile tairi nyembamba na ule uzito wa mamamukwe, Mungu amurehemu, havikuelewana. Tukasikia pwaa. Hewa yote ikatoka.

Kijana akaangalia tairi, akaangalia Bi Zaituni, akakuna kichwa. Hakuwa na kiraka. Hakuwa na chochote, ni rangi tu. Tukajaribu baskeli ya mwenzake. Sasa ile iko na chuma cha katikati, na mama munene amekaa nyuma tayari. Pale mujini lami ilikuwa ngumu; hapa kwenye matope, hata tukimushikilia, kijana lazima arushe muguu juu ya chuma huku ameshika uzito wote ule. Akarusha, baskeli ikalala, mamamukwe akalala, na kijana juu yake kama blanketi. Tukarudilia. Wakalala tena. Mara ya tatu usukani ulipinda, na kijana akakataa kabisa.

Bi Zaituni alikaa pembeni ya njia, udongo kwenye mutandio wake. Jua lilikuwa limeshapita utosi. Aliangalia kule Kizuka iliko, akasema jina la mudogo wake tu, mara moja. Miye nilitamani ardhi inimeze. Niliona wazi: huyu mama atafika akute mukeka, na atakayekuwa amemunyima uso wa ndugu yake ni miye, kwa ajili ya rangi ya baskeli.

Ndipo tukasikia nyuma kri, kri, kri. Papa Elia na magunia yake. Nikainamisha kichwa. Angepita, mwanangu, angekuwa na haki yake. Hata miye ningepita, na ningeimba.

Alisimama. Akauliza, "Ni nani alikufa?"

"Mudogo wake."

Hakuuliza la pili. Alifungua kamba, akashusha magunia yote mawili pale kwenye majani makavu, akaniambia, "Weye dada wa mujini, utachunga hii samaki. Ikipotea hata moja, nitajua." Kisha akaegemeza baskeli kwenye kiuno chake, akamukalisha Bi Zaituni kwanza, taratibu, akapitisha muguu pale chini palipoinama, kama mutu anayeingia mulangoni kwake. Hakurusha kitu. Hakuyumba. Ndiyo nikaelewa kwa nini mwanaume mwenye akili zake anapanda baskeli ya kike.

Wakaondoka. Vijana wakasukuma mavyuma yao kurudi Rumonge. Nikabaki na magunia, na mbwa mumoja aliyeyapenda sana. Nilimufukuza na kandambili, huku nasoma sura zote nilizozijua, na zilikuwa mbili tu. Kivuli cha muchikichi kilisogea, kikanipita. Adhana ya alasiri nikaisikia kwa mbali, moyo ukakatika.

Halafu tena, kri, kri, kri. Papa Elia peke yake, shati limegandamana mugongoni. Alishuka, akakunywa maji, akapangusa ndevu. Akasema, "Amemuona. Walikuwa hawajafunika bado. Amemushika uso na mikono mbili."

Nikalia pale njiani kama mutoto. Alingoja nimalize, akahesabu ndagala kwa macho, akasema, "Sasa saidia kunyanyua, ngoma ya wanawake imeisha." Tulitembea mpaka Kizuka, yeye anasukuma, miye nashikilia gunia nyuma.

Siku ya tatu ya matanga Bi Zaituni aliniita chumbani. Nikajua leo narudishwa kwetu. Akaniambia, sauti ya puani imeshapona, "Nilikusikia pale parkingi, binti. Maneno yako yalikuwa mabaya." Nikapiga magoti. Akanishika bega. "Nyanyuka. Ningeweza kukukataza. Sikukukataza, kwa sababu na miye nilitaka watu wa Kizuka wanione kwenye vitesi. Ndugu yangu amelala kwenye sanda, na miye nawaza hayo. Twende tukamuombe msamaha, sote wawili." Tulikwenda mpaka parkingi, mbele za watu wote, na sahani ya pilau. Papa Elia alikula yote, akasema ingehitaji pilipili. Tangu siku ile mamamukwe hakunitisha tena. Chai yangu aliitukana mpaka kufa kwake, lakini akicheka.

Basi nisikie, mwanangu. Sikukatazi kupenda baskeli nzuri. Miye mwenyewe macho yangu bado yanafuata kitu kinachongaa. Lakini ukifika parkingi, panda ya yule ambaye zamu ni yake. Ukitaka kucheka mutu, kwanza muulize kwa nini chombo chake kiko vile, maana kazi yake anaijua yeye. Na ukishatukana mutu mbele za watu, rudi umuombe msamaha mbele za watu, usimunongoneze pembeni. Yule kijana wa mafuta anapita hapa kesho asubuhi. Utasimama, utamusalimia, "Amahoro, kaka," na utamusaidia kusukuma pale kwenye mulima. Nitakuwa mulangoni naangalia.

Mungu akulindie miguu yako, akupe pumzi ndefu kwenye kupanda na breki nzuri kwenye kushuka, na akufikishe kwa watu wako wakati bado wanakungoja. Amina. Haya, nenda kaoge.