Meli za Kwenda Pemba

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, mdogo wangu Zuhura alipotea. Baba yetu alikuwa amefariki, mama amekaa eda, hatoki nje, na Zuhura alikuwa hata hajaanza skuli. Wakubwa walimwambia baba kaenda Pemba. Mimi, kwa kumhurumia, nikawa namkunjia meli za karatasi: unakunja karatasi katikati, unashusha pembe mbili zikutane, unapandisha kingo, kisha unavuta taratibu mpaka meli isimame. Alizielesha kwenye karai la kufulia, kila moja na ua la asumini ndani yake, la kumpelekea baba.

Siku hiyo mchukuzi wa bandarini ndiye aliyemrudisha nyumbani Kikwajuni, karoa chapachapa, meli imelowana mkononi mwake. Alimkuta getini anangoja abiria wa Pemba wateremke.

Bibi hakumgombeza yeye. Aliniita mimi.

"Naam, bibi."

"Mtoto anamngoja mtu asokuja, nawe kila siku unamkunjia meli?"

"Nlitaka asilie."

"Mwache alie. Akilia hapa tutamshika. Leo kenda kulia bandarini, peke yake."

Akamchukua, akampeleka kwa mama. Mama akampakata, akamwambia baba kafa, hatorudi. Zuhura aliikunjua ile meli polepole mpaka ikawa karatasi tu, akanirudishia. Ndipo akalia, mpaka usingizi ukamchukua kifuani kwa mama.

Nakwambia haya kwa sababu jana mwanao kanijia na karatasi. Anataka nimkunjie ndege, impeleke kwa mama yake Dar es Salaam, maana ndiko ulikomwambia kaenda. Mkeo tumemzika juzijuzi tu, mwanangu. Najua ulishindwa kulitamka. Hata mimi nilimwambia macho yananiuma, sioni kukunja, nikaingia chumbani nikalia.

Usimwache mtoto angoje. Mpakate, mwambie mama kafa, usitafute neno jengine. Akilia, lia naye, usimwonee haya. Nitakuwa pembeni yenu. Na siku akitaka tena ndege nitamkunjia, ya kuchezea tu.

Mwenyezi Mungu akufungulie ulimi, ampe mkeo kauli thabiti, na amkuze mwanao asiwe na wa kumngoja mlangoni ila wewe unaporudi kazini.