Gari Lisilowaka kwa Kusukumwa

Kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga huko Riruta, kusukuma gari ilikuwa kazi ya asubuhi kama kuteka maji. Stata ikigoma, wanaume walitoka na miswaki mdomoni, wakaweka mabega. Dereva alitia gia ya pili, akasubiri kasi, akaachilia klachi, na gari likaamka likikohoa. Hakuna aliyesubiri kuombwa.

Miaka hiyo ya elfu mbili, magari ya Japani yanayojibadilishia gia yalianza kujaa mtaani, na mmoja mmoja majirani wakauza yao ya zamani. Mume wangu naye hakutaka kuachwa nyuma. Aliliendesha lake mguu wa kushoto ukikaa bure, akitabasamu kama bwana harusi. Mimi nilikuwa mjamzito na sikuwa na habari na maringo. Nilitaka gari linalofika.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alikuwa amenionya: safari hii uchungu ukianza usingoje, mshono wa ndani unaweza kuachia, na hapo tutakupoteza wewe au mtoto, au nyote wawili. Nililala na maneno hayo kila siku.

Uchungu ulinishika alfajiri, kabla ya wakati wake. Mume wangu aliniketisha kiti cha nyuma, akazungusha ufunguo. Kimya. Taa ya ndani ilikuwa imeachwa ikiwaka, betri ikafa.

"Ngoja kidogo, itawaka," akasema. Sauti yake haikumwaminisha hata yeye mwenyewe.

Majirani wakatoka, wakasukuma nikiwa ndani. Tukapita lango, tukateremka kwenye vumbi.

"Weka ya pili! Achilia klachi!"

"Haina klachi!"

"Haina? Sasa hii inawakaje?"

Hakuna aliyejua. Wakasukuma tena, kwa nguvu zaidi, maana hiyo ndiyo dawa waliyoizoea. Mume wangu alivuta mkono wa gia huku na huko, jasho likimtiririka. Nilikuwa nimeshika tumbo pale chini penye mshono, kana kwamba kiganja kingeuzuia. Niliogopa hata kupiga kelele, nikidhani kelele zenyewe zingeupasua. Nilimchukia mume wangu na gari lake, na wale wanaume wema waliokuwa wakinitikisa.

Mwenye ploti, mama mzee aliyefuga ng'ombe nyuma ya nyumba, alikuwa akirudi na pikapu yake kuukuu iliyojaa majani ya mifugo. Lilikuwa gari la mwisho la klachi kati yetu. Akasimama, akatutazama.

"Wacheni hiyo kitu. Mama, kuja uingie hapa mbele. Na wewe baba, panda huko nyuma kwa nyasi."

Ngong Road ilikuwa imefunga. Kwenye kamlima foleni ilisimama, na pua ya lori ilikuwa nyuma yetu kabisa. Kila tuliposogea kidogo nilijikaza, nikisubiri turudi nyuma.

"Shosho, itazima?" nikamuuliza mama mzee.

"Ikizima nitaiwasha. Wewe pumua."

Ikazima. Lori likapiga honi. Mama mzee hakugeuka. Aliwasha tena, akabalansi klachi kwa buti lake la mpira mpaka pikapu ikatetemeka yote, lakini haikurudi nyuma hata kidogo. Tukapanda.

Hospitalini walinikimbiza moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Nilipozinduka, msichana wangu alikuwa akilia kwenye kitanda cha kando, mdogo na mwenye hasira. Daktari alituambia kwamba mshono ulikuwa umeshaanza kufunguka. Alisema hivyo akiandika, bila kuinua macho, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mume wangu alikaa sakafuni, katikati ya wodi, mbele ya wageni wa watu. Maneno nilikuwa nayo, makali, nimeyapanga tangu langoni. Nilifungua mdomo, nikamwambia tu ainuke amshike mtoto. Akasema hawezi, atamwangusha.